Mbege haitangulii mteremko: kwa waongozaji wapya wa Uru

Jumamosi nilikuwa mapumziko, nimekaa zangu kilabuni Materuni, huku kwetu Uru, Moshi, akaingia kijana anayeongoza wageni sita. Saa nne asubuhi. Hawajaenda maporomokoni, hawajatwanga kahawa, hawajatia kitu tumboni. Akaagiza kata mbili za mbege, pombe yetu ya ndizi, akainua moja juu kama padri, akawatangazia kwamba huu ndio mvinyo wa Wachaga. Kisha akapiga funda refu yeye mwenyewe, wageni wakampigia makofi.

Nikashusha kofia usoni. Yule kijana namjua. Alikuwa mimi, miaka kumi na tatu iliyopita.

Basi wadogo zangu, mliotoka chuoni na vyeti na mliopanda kutoka kwenye ugumu, yaani kubeba mizigo ya wageni mlimani, nisikilizeni kidogo kabla msimu haujachanganya.

1. Mbege si mvinyo. Wengi wa wageni hawa wameshatembea kwenye vilima vya mizabibu huko Toscana, kwa hiyo ukimwambia mvinyo atazungusha kata, atanusa, halafu atatafuta pa kutema. Nimemwona mzee wa Kiitaliano akiuliza ndoo ya kutemea iko wapi, mama muuzaji amesimama mbele yake mikono kiunoni. Waelezeni njiani, mkiwa bado mnatembea: ndizi mbivu zimechemshwa mpaka zikaiva rangi, zikaachwa siku kadhaa zichachuke, ndipo ukaongezwa uji wa kimea cha ulezi, na gome la msesewe la kutia uchungu. Zile chenga zinazoelea ni ulezi, si uchafu. Iliyomshinda anampa mwenzake. Haitemwi.

2. Mtori kwanza, ile supu nzito ya ndizi na nyama, kata baadaye.

3. Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa Old Moshi, alinyongwa na Wajerumani mwaka 1900. Juzi nimemsikia mtu pale Old Moshi, chini ya mti wenyewe, anasema 1919, na mgeni akamsahihisha. Mgeni Mjerumani!

4. Kuonja. Hapa nivumilieni.

Desturi mnaijua: anayekukaribisha mbege huonja kwanza mbele yako, uone haina kitu. Kilabuni hiyo ni kazi ya mama muuzaji. Mimi nikaichukua, kwa sababu wageni walikuwa wanacheka na kupiga picha, na kicheko kilikuwa kinazaa tipu. Siku hiyo nilikuwa na wageni saba, matembezi ya siku tatu, tunalala vijijini. Siku ya pili, mwezi wa tano, masika hayajaisha, udongo unateleza kama sabuni. Ratiba ilisema kilabu kimoja, jioni, tukishafika. Nikaongeza vitatu njiani. Kila tulipokaa, "ngoja nionje kwanza." Na mimi sikuwa mtu wa kulamba. Ya kilabu cha tatu ilikuwa ya juzi, mama mwenyewe akanivuta pembeni: "Mwanangu, hii imeshapita." Nikamwambia hawa wazungu wanapenda chachu.

Tukaanza kushuka. Vihamba mnavijua, migomba kushoto, migomba kulia, kahawa chini, miti ya mruka juu. Hata mwenye akili zake timamu anapotea. Tukapita uani kwa bibi mmoja anachambua maharage. Shikamoo bibi. Marahaba. Akawapungia wageni, tukaendelea, mimi nikihubiri juu ya mifongo, jinsi mababu walivyoyaongoza maji kwenye migongo ya vilima bila pampu wala bomba. Dakika arobaini baadaye tukatokea uani kwa bibi mwingine anayechambua maharage. Shikamoo bibi. Akanitazama. Akawahesabu wageni kwa kidole.

"Marahaba. Mmesahau nini?"

Wageni walielewa kabla yangu. Mmoja, mwalimu mstaafu, akasema kwa upole kwamba yule mbuzi mweupe ameshampiga picha.

Pale pale ningesimama. Ningemwomba bibi mjukuu mmoja atutoe mpaka barabarani, basi. Lakini aibu ilikuwa imenipanda kichwani pamoja na mbege. Nikasema hii ni njia ya mkato, nikawapandisha ukingoni mwa mfongo, mmoja nyuma ya mwenzake, giza linaingia. Ukingo wa udongo uliolowa, watu wanane. Nilikuwa mbele, natembea nimegeuka nyuma ili niwachekeshe. Mguu ukaondoka. Mama wa makamo aliyekuwa ananifuata akanidaka mkono, tukaenda wote. Mimi sikuchubuka hata ukucha. Yeye alivunjika mkono, juu kidogo ya kiganja. Nilisikia, kama kijiti kikavu. Kipande cha ukingo kikameguka, maji yakahama mfereji, yakateremka moja kwa moja kwenye maharage ya bibi yule yule.

Vijana wa pale ndio waliotufikisha kwenye gari kwa tochi za simu, mkono wa mama umefungwa kwa kanga ya bibi. Ndani ya gari hakunigombeza. Aliniuliza kitu kimoja tu: ulikunywa kata ngapi? Nikasema moja.

Mkono ulipona, aliniandikia baadaye. Ile "moja" ndiyo bado inanikosesha usingizi.

Wiki iliyofuata wazee wa mfongo wakaniita. Nikaenda na jani la isale, kama anavyokwenda mtu aliyekosa, na kabla ya hapo nilishinda siku nzima na jembe naziba ukingo. Bibi akalipokea isale. Wazee wakakaa, wakanong'ona, wakanitoza faini: madebe mawili ya mbege. Ndiyo, mbege. Nikayabeba kwa bodaboda, nikayaweka katikati yao, mzee akaonja kwanza, kata ikazunguka. Iliponifikia nikaomba maji ya kunywa. Walicheka mpaka mmoja akapaliwa.

5. Machi hadi Mei kila mgeni ashike fimbo mbili, hata yule anayekwambia amepanda Alps.

6. Mkipita Shimbwe Juu, waambieni FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, imekitambua kihamba cha pale kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Aliyezoea mizabibu iliyopangwa mistari ataacha kuuliza kwa nini shamba letu ni kama msitu.

7. Akiuliza mvinyo wa zabibu, Tanzania tunao: Dodoma, na kule wanavuna mara mbili kwa mwaka. Msijifanye hamjui, halafu mkamtajia wa Afrika Kusini.

8. Kwenye kinu cha kahawa msiwakimbize. Acha atwange mpaka achoke, apepete, akaange aunguze kidogo, anywe alichokiunguza. Ndicho atakachowasimulia kwao, hayo maelezo yako yote atayasahau uwanja wa ndege.

9. Maporomoko, kahawa, chakula, mteremko, ndipo kilabu, gari likiwa linaonekana. Na mama muuzaji alipwe kabla wageni hawajanyanyuka. Habari za "mama nitapita kesho" ndizo zinazofanya tuuziwe machicha.

Yule kijana wa Jumamosi nilimfuata nje, nikamwambia mawili matatu. "Kaka, mimi nimezoea," akanijibu, na macho yake yalikuwa yameshaanza kung'aa. Nikamwita dogo mmoja wa pale kilabuni, nikampa elfu mbili atangulie mbele yao mpaka chini, ajifanye naye anaelekea huko.

Bibi yupo bado, na mbuzi weupe sasa ni wanne. Nikipita na wageni namwamkia kutoka mbali, naye hainui kichwa kwenye ungo wake.

"Marahaba. Hii ya kwanza au ya pili?"