Dashibodi Imezima, Kodi Inasema Nini?

Swali: Geji zote zimelala, lakini gari linawaka na kutembea kama kawaida. Skana, kile kifaa cha kusoma kodi (namba za hitilafu) za gari, imetoa U0155 na fundi anataka ninunue dashibodi nyingine. Ninunue?

Jibu: Usinunue bado! Kodi za herufi U ni za mawasiliano kati ya kompyuta za gari. U0155 maana yake wenzake wameiita dashibodi, haikuitika. Asiyeitika si lazima awe amekufa. Huenda hana umeme, au waya wa kusikilizia umekatika.

Anza na fyuzi na ethi yake, yaani waya unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari. Fyuzi usiiamini kwa macho. Washa swichi bila kupiga stata, kisha pima volti kwenye ncha zake zote mbili. Halafu chomoa soketi ya nyuma ya dashibodi uimulike kwa tochi. Pini moja iliyosogea ndani kidogo tu, au iliyoota ukungu wa kijani, inatosha kuzima geji zote.

Vyote vikiwa sawa, toa waya hasi wa betri, subiri dakika chache, upime omu (ukinzani wa umeme) kati ya pini 6 na 14 za soketi ya skana. Kwenye magari mengi mtandao wa CAN, yaani nyaya mbili ambazo kompyuta za gari huongelea, una rezista (vipande vya kukinza umeme) mbili za omu 120, moja kila mwisho, kwa hiyo mita isome karibu 60. Ikisoma 120, upande mmoja umepotea. Ikikaribia sifuri, nyaya zimegusana. Ila angalia: magari mengine yana rezista moja ndani ya dashibodi yenyewe. Ukipima huku umeichomoa, 120 utakayoiona umeisababisha wewe.

Swali: Nikipiga stata, taa zinacheza na mishale inaruka. Nimekuta kodi saba, za U tupu isipokuwa P0562.

Jibu: Shika hiyo P0562: volti ya gari iko chini. Betri iliyojaa na kutulia husoma kama 12.6, na injini ikiwaka alteneta iipandishe hadi kati ya 13.5 na 14.5. Volti ikianguka wakati wa stata, kompyuta huzimika kwa nukta moja na kila moja humripoti mwenzake. Safisha vichwa vya betri, kaza ethi ya injini, futa kodi, endesha siku mbili. Itakayorudi ndiyo ya kufuatilia.

Swali: Tenki limejaa, mshale unasema tupu. Kodi ni P0463.

Jibu: Hapo volti ya saketi ya floti, kile kielea cha kupimia mafuta ndani ya tenki, iko juu kupita kiasi. Mara nyingi waya umekatika au ethi ya floti ni mbovu. Anzia kwenye soketi ya juu ya tenki, si kwenye dashibodi.

Swali: Dashibodi ya mtumba naweza kuipachika tu?

Jibu: Hapana. Kwenye magari mengi imebeba kumbukumbu ya kilomita, na mengine hata kinga ya wizi, hivyo gari linaweza kukataa kuwaka mpaka ipangwe upya kwa kompyuta. Kama ya zamani bado inapokea umeme lakini imekufa, mpe fundi wa bodi za kielektroniki aitengeneze hiyo hiyo. Kilomita zako zitabaki za kweli.