Kitovu cha ulimwengu kiko wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma mara nyingi kwamba ulimwengu ulianza kwa Mlipuko Mkuu, na kwamba tangu hapo galaksi, yaani makundi makubwa ya nyota, zinazidi kuachana. Kama ndivyo, sharti pawepo mahali zilipoanzia zote. Mbona wanafalaki hawatuonyeshi mahali hapo?

JIBU: Ndugu msomaji, hawapaonyeshi kwa sababu hapapo. Wengi wetu huwaza bomu lililowekwa mahali fulani, vipande vyake vikatawanyika katika uwazi ulioizunguka sehemu hiyo. Lakini kilichoanza kutanuka miaka bilioni 13.8 iliyopita ni nafasi yenyewe, pamoja na vyote vilivyokuwamo, kwa hiyo tukio hilo lilitokea kila mahali, hata hapo ulipoketi ukisoma. Mwanafalaki Edwin Hubble alipoonyesha mwaka 1929 kwamba kadiri galaksi inavyokuwa mbali ndivyo inavyotuacha kwa kasi zaidi, hakuthibitisha kuwa sisi tuko katikati, maana mtazamaji wa galaksi nyingine yoyote angepata matokeo hayohayo.

Ushahidi unaonivutia zaidi ulipatikana kwa bahati. Mwaka 1964, huko Holmdel, New Jersey, Marekani, wanasayansi Arno Penzias na Robert Wilson walikuwa wakipima mawimbi ya redio kwa antena kubwa yenye umbo la pembe, wakasumbuliwa na mvumo hafifu usiokoma. Waliielekeza antena huku na huku, wakawaondoa njiwa waliokuwa wameweka kiota ndani yake na kusafisha kinyesi chao, lakini mvumo haukupungua, wala haukuwa na upande maalumu ulikotoka.

Ile ilikuwa nuru ya kale iliyoanza safari ulimwengu ulipokuwa na umri wa miaka 380,000 hivi. Kabla ya hapo elektroni, chembe ndogo mno zenye chaji hasi, zilizagaa huru na kuizuia nuru isiende mbali. Joto liliposhuka hadi kelvini 3,000 hivi (kelvini ni kipimo cha jotoridi kinachoanza kuhesabu kwenye baridi ya mwisho kabisa), zikanaswa na viini vya haidrojeni na heli, atomi zikaundika, na njia ikafunguka. Tangu wakati huo nafasi imetanuka takriban mara 1,100, mawimbi ya nuru hiyo yakarefuka kwa kiasi hichohicho, na leo tunayapokea kama mikrowevu, yaani mawimbi mafupi ya redio, zenye jotoridi la kelvini 2.7 tu. Kama pangekuwa na kitovu, tungetarajia upande mmoja wa anga uwe na joto kuliko mwingine. Lakini tukishaondoa athari ya mwendo wetu wenyewe, tofauti inayobaki ni kama sehemu moja tu katika 100,000. Hata hiyo si ya kupuuzwa, kwa kuwa palipokuwa na msongamano mkubwa kidogo, uvutano ulikusanya maada hadi zikazaliwa nyota na galaksi.

Kitovu pekee kinachoweza kutajwa ni cha ile sehemu ya ulimwengu tunayoweza kuiona, ambayo ukingo wake sasa uko umbali wa miaka ya nuru bilioni 46 hivi kila upande (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja; umbali huo unapita bilioni 13.8 kwa kuwa nafasi imezidi kutanuka). Hapo katikati ni sisi, kwa sababu tu ndipo tunapotazamia.