Steringi Mwenye Mvi: Niliyojifunza Nikikusanya Vitu vya Hopalong Cassidy

Mama yangu aliuza mitumba Karume, Ilala, kwa miaka mingi. Belo likifunguliwa, wenzake walirukia rangi na maandishi ya kifuani. Yeye alilipindua shati ndani nje, akatazama mshono, akapitisha kidole gumba kwenye kola, ndipo akasema bei. Mimi nilikuwa nakaa juu ya furushi nikidhani anapoteza muda. Sasa naishi Columbus, Ohio, na kila Jumamosi ya kiangazi, nikiinamia meza ya mtu anayeuza vitu vya marehemu baba yake mbele ya gereji, mkono wangu unafanya vilevile. Nageuza kwanza, nasoma baadaye.

Ninachokusanya ni vitu vya Hopalong Cassidy. Kama jina halikuambii kitu, si wewe peke yako. Hata hapa Marekani, aliye chini ya miaka sitini mara nyingi hunikodolea macho. Hopalong, au Hoppy, ni kauboi wa filamu na televisheni, na aliyemwigiza ni William Boyd, aliyezaliwa 1895 Hendrysburg, kijiji kidogo mashariki mwa jimbo hilihili ninaloishi. Alianza kumwigiza Hoppy mwaka 1935 na akacheza filamu 66 za huyo mtu mmoja. Filamu zilipoanza kuchokwa, Boyd aliuza shamba lake la mifugo, akakusanya kila senti na kununua haki za Hopalong. Wenzake walimwona amechanganyikiwa. Juni 1949 televisheni ya NBC ikaanza kuzionyesha, wakati ule seti ndiyo kwanza zinaingia sebuleni, na watoto wa nchi nzima wakashikwa na wazimu wa Hoppy.

Mwandishi aliyembuni Hoppy alimchora mtu mkorofi. Boyd akamgeuza muungwana: hanywi, havuti, hatukani, wala hatangulii kuchomoa bastola. Wazazi wakamwamini, na kampuni zikagundua kwamba sura yake inauza chochote. Mkate, maziwa, baiskeli, saa, redio, vikombe, mapazia ya chumba cha mtoto. Ndiyo maana anayetaka kuanza ukusanyaji namwambia aanzie kwa Hoppy kabla ya kauboi mwingine yeyote. Vitu vyake vilitengenezwa kwa wingi wa ajabu ndani ya miaka michache, kwa hiyo hata mtu wa mshahara wa ghala kama mimi anaweza kuvigusa.

Na nilianza kwa kuharibu.

Kitu changu cha kwanza kilikuwa kisanduku cha bati cha kubebea chakula cha shule, cha buluu, chenye stika ya Hoppy ubavuni. Nilikinunua dola kumi na mbili nitie misumari na skrubu. Kilikuwa kichafu, nami nimelelewa kusugua sufuria mpaka zing'ae, basi nikachukua stilwaya na sabuni. Kwanza ikaondoka kofia ya Hoppy, halafu sikio la farasi. Nilipoacha, Hoppy alibaki kidevu na kola. Wiki mbili baadaye, kwenye duka la vitu vya kale, nikamwona ndugu yake akiwa ndani ya kabati la kioo, chini ya kufuli. Bei yake sitaitaja, mke wangu husoma hapa.

Kile kisanduku kina historia yake. Kampuni ya Aladdin Industries ya Nashville ilikitoa mwaka 1950, chekundu na cha buluu, na mwaka wa kwanza ikauza visanduku 600,000. Chenyewe kilikuwa bati la rangi moja tu lililobandikwa picha, lakini kilionyesha njia. Mwaka 1953 washindani wao, American Thermos, wakatoa cha Roy Rogers, kauboi mwingine wa filamu, kilichochapwa picha bati zima, na mwaka uliofuata Aladdin wakamchapa Hoppy vivyo hivyo. Kwa hiyo ukikutana na Hoppy wa kubandikwa, umeshika cha mwanzo, na thamani yake yote iko kwenye ile karatasi nyembamba unayotaka kuisugua. Futa vumbi kwa kitambaa laini kikavu, basi. Kutu ya pembeni iache. Jina la mtoto lililokwaruzwa kwa msumari ndani ya kifuniko liache pia, mimi hulifurahia. Aliyekukwaruzia jina amekupa ushahidi kwamba kitu kilienda shule.

Ninachokitilia shaka zaidi ni kitu kilichonyooka mno. Watu huchapisha stika mpya na kuzibandika kwenye bati la zamani. Mtoto aliyebeba kisanduku kila siku alikishika mpini, akakiburuza sakafuni, akakigonga na cha mwenzake. Kwa hiyo rangi hulika kwenye kona, kwenye bawaba na karibu na kitasa, mahali panapoguswa. Ukiona bati limechakaa kila upande lakini picha iko kama ya jana, au uchakavu uko katikati ya ubavu pasipoguswa na mtu, rudisha mezani. Ni hesabu ileile ya mama: shati lililovaliwa kweli huisha kwenye kola na kwapa.

Chini ya kitu tafuta maandishi madogo. Vingi vya enzi hiyo vina jina la Wm. Boyd kama mwenye haki. Kisha soma anwani ya kiwanda. Marekani ilianza kutumia msimbo wa posta wa tarakimu tano mwaka 1963, kwa hiyo anwani yenye tarakimu hizo haiwezi kuwa ya 1950. Na kifungashio chenye mistari ile ya kusomwa na mashine dukani kimetoka baada ya 1974. Mambo mawili hayo yameniokolea fedha kuliko ushauri wowote wa wataalamu.

Sasa sahihi. Hapa ndipo wageni huliwa.

Nilinunua picha ya "Bill Boyd" yenye sahihi kwa wino, kwa njia ya mtandao, kutoka kwa muuzaji mwenye sifa nzuri tu. Sahihi ilikuwa halali kabisa. Kosa lilikuwa la mtu. Huyo Bill Boyd alikuwa mwanamuziki wa Texas, kiongozi wa bendi ya Cowboy Ramblers, ambaye mwaka 1942 naye alicheza filamu kadhaa za kauboi. Kofia anayo, jina analo, farasi anaye. Na yuko wa tatu: William "Stage" Boyd, mwigizaji wa jukwaani aliyefariki 1935. Huyo alipokamatwa na polisi mwanzoni mwa miaka ya 1930, magazeti yalichapa picha ya Boyd wetu kimakosa, na kazi yake ikakaribia kuzama. Magazeti yaliwachanganya wakiwa hai wote wawili. Wewe na mimi tutawachanganya tu tukizubaa. Kabla ya kulipa, mtazame usoni. Wetu ana nywele nyeupe, alianza mvi mapema.

Ukishajua mtu ni yeye, tazama wino. Hoppy alikuwa akituma picha kwa watoto kwa wingi, na nyingi zina sahihi iliyochapwa kiwandani pamoja na picha. Chukua kioo cha kukuzia. Sahihi ya kuchapwa mara nyingi huvunjika kuwa vitone vidogo, au huwa imezama ndani ya picha sawa na kila kitu kingine. Sahihi ya kalamu imekaa juu. Iinamishe picha chini ya taa na wino utameta peke yake, na pale mistari inapokatana utaona ukipanda mmoja juu ya mwingine.

Halafu tochi ya mwanga wa zambarau, ileile wenye maduka wanayokagulia noti. Kemikali za kung'arisha weupe ziliingia kwenye karatasi za picha miaka ya 1950. Picha inayodaiwa ni ya 1938 ikiwaka buluu-nyeupe gizani kama shati lililofuliwa kwa sabuni ya unga, imechapwa baadaye, hata muuzaji aape kwa kaburi la bibi yake. Lakini kutowaka si cheti cha uhalali. Mtu mwerevu anaweza kusaini leo kwenye karatasi ya kale.

Kwa redio nitakuwa mfupi. Kampuni ya Arvin ilitoa ya Hoppy mwaka 1950, nyekundu au nyeusi, uso wake bati laini la kung'aa lenye Hoppy juu ya Topper, farasi wake. Ni nzuri kupita kiasi. Usiichomeke ukutani. Redio nyingi ndogo za enzi hiyo zina fremu ya chuma inayoweza kubeba umeme moja kwa moja, na vipuri vyake vya ndani vimekauka. Mpelekee fundi anayejua redio za valvu, zile zenye taa ndogo za kioo ndani, au iache iwe pambo. Bastola za fataki za watoto nazo, zile za kampuni ya Wyandotte kwa mfano, chunguza nyufa nyembamba kama nywele karibu na nyundo, kwa sababu madini yake huvunjika kama biskuti. Saa ya mkononi igeuze: mgongoni inapaswa kuandikwa kwa Kiingereza maneno ya Hoppy ya kukutakia bahati njema.

Bei. Usitazame anachotaka muuzaji, tazama kilicholipwa. eBay ina sehemu ya kuonyesha vitu vilivyokwisha kuuzwa. Ishi humo mwezi mzima kabla hujatoa dola. Mtu anaweza kuandika dola elfu moja kwenye kikombe na kikombe kikaota mizizi hapo. Na tafadhali usikope ukiita huu uwekezaji. Waliompenda Hoppy wakiwa na miaka minane sasa wamepita themanini, na watoto wao wanataka nafasi ya kabati. Jumba la makumbusho la Roy Rogers, mpinzani wa Hoppy, lilifungwa mwishoni mwa 2009, na Julai 2010 vitu vyake vikapigwa mnada na kampuni ya Christie's, New York. Hata farasi wake Trigger, aliyekaushwa na kusimamishwa kama yuko hai, aliuzwa kwa dola 266,500. Ni fedha nyingi kwa farasi mfu. Lakini kabla ya hapo ilidhaniwa hatauzwa kamwe.

Kwa upande wangu kuzeeka huko kwa mashabiki kuna faida. Wajane huuza kwa wema kuliko wafanyabiashara. Ajuza mmoja alinipa chupa ya chai ya Hoppy bure kwa kuwa nilikaa nikasikiliza habari za mumewe kwa saa nzima, na nilikuwa nimetoka zamu ya usiku. Kaa usikilize. Kisha andika alichokuambia kwenye kikaratasi, nani alikuwa nacho na mji gani, ukiweke ndani ya kitu hicho. Usitumie selotepu.

Kuhifadhi: vyumba vya chini ya nyumba huku vina unyevu kama Tanga mwezi wa Aprili, na bati halipendi. Mimi nimehamishia kila kitu juu, mbali na dirisha, pamoja na vile vipakiti vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Picha ziko kwenye mifuko ya poliyesta. Ile ya plastiki laini yenye harufu ya pazia jipya la bafu itazigandisha.

Mwezi uliopita nilimketisha mwanangu wa miaka tisa, nikamwekea filamu moja ya Hoppy ili ajue kwa nini baba yake ana chumba kizima cha bati kuukuu. Alitazama dakika kumi, akanigeukia.

"Baba, steringi gani ana mvi?"

Akalala kabla ya risasi ya kwanza. Asubuhi nilimkuta jikoni anatia chapati zake kwenye kisanduku cha buluu, kile nilichokisugua, kilichobaki kidevu na kola. Nikamfungia kitasa, akakimbilia basi la shule.