i7 ya laki tatu na themanini: isome kwanza namba iliyo nyuma ya kistari

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina steshenari ndogo Nyegezi, si mbali na stendi. Kazi zangu ni kuchapa, kuprinti, kutoa kopi, na kuwajazia vijana maombi ya vyuo na mikopo mtandaoni. Wiki iliyopita umeme ulikatika, uliporudi kompyuta yangu ya mezani ikazima moja kwa moja. Fundi niliyempelekea anasema ubao mama umeungua, na yuko tayari kuichukua kama spea kwa elfu thelathini. Monita, kibodi na printa ni vizima. Mkononi nina laki nne na sina pengine pa kuongezea. Mjini nimeonyeshwa laptopu ya mtumba kwa 380,000: Core i7, RAM 8, diski ya 1TB, na tayari ina Windows 11. Duka la jirani lina kompyuta za mezani za i3 na i5 kwa bei inayokaribiana na hiyo. Muuzaji ananiambia nisipoteze hela kwa i3 wakati i7 ipo. Nimepiga picha ya maelezo yake, yanasomeka i7-3520M. Nichukue? – Mama wa steshenari, Nyegezi

JIBU: Marahaba mama, na pole kwa hasara. Usiichukue. Hiyo picha uliyopiga imekuokoa. Wengi wanaofika kwenye meza yangu huja na mashine mkononi, hela imeshaondoka, na wanachotaka niwaambie ni kwamba wamenunua vizuri.

Karibu kila wiki nasikia maneno yale yale: "Fundi, hii ni i7, iweje iwe nzito?" Hakuna jambo linaloniumiza katika kazi hii kama hilo, kwa sababu anayeumizwa nalo huwa ni mtu mwenye hela kidogo, aliyejinyima, na aliyeamini kwamba saba ni zaidi ya tatu. Saba ni zaidi ya tatu ukihesabu maembe. Kwenye prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, hizo 3, 5 na 7 ni madaraja ndani ya kizazi kimoja. i7 inaizidi i5 ya wakati wake, na i5 inaizidi i3 ya wakati wake. Haikwambii chochote kuhusu i3 iliyotoka kiwandani miaka mitano baadaye. i7 ya kwanza ilitoka mwaka 2008, na Intel wameendelea na jina hilo kwa zaidi ya miaka kumi na mitano. Kwa hiyo muuzaji akikwambia "i7" akanyamaza, bado hajakutajia unachonunua.

Wewe ni mtu wa Mwanza. Ukienda Mwaloni pale Kirumba kununua sato, hununui kwa ukubwa wake tu. Unafunua shavu uone kama bado jekundu. Sato mkubwa aliyelala siku nne na mdogo aliyetoka ziwani alfajiri ya leo, unajua yupi utampikia mgeni. Shavu la prosesa ni namba iliyo nyuma ya kistari. Yako inasomeka i7-3520M. Tarakimu ya kwanza, ile 3, ndiyo kizazi, au jeneresheni kama wauzaji wanavyoita. Hiyo ni prosesa ya mwaka 2012, yenye viini viwili tu, yaani sehemu mbili za kufanyia kazi ndani yake. Sasa chukua i3-8100 ya mezani, kizazi cha nane, iliyoingia sokoni mwishoni mwa 2017: ina viini vinne. Kwenye vipimo vinavyotumia viini vyote kwa pamoja, hiyo "i3 ya kupoteza hela" inaizidi i7 yako karibu mara mbili.

Kuna mitego midogo kwenye kusoma. Ukiona namba inaanza na 10, 11 au 12, kama i5-10210U au i5-1135G7, basi kizazi ni cha kumi, cha kumi na moja na kuendelea. Usiisome kama kizazi cha kwanza. Na ukiona tarakimu tatu tu, kama i7-620M ya mwaka 2010, hicho ndicho kizazi cha kwanza chenyewe. Hata ukipewa bure, fikiria gharama ya kuitunza.

Kwa nini naushikilia kizazi cha nane? Kwa sababu ndipo Microsoft walipochora mstari. Windows 11, kwa upande wa Intel, inakubali prosesa kuanzia kizazi hicho, isipokuwa chache sana za cha saba, pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine ya 2012 unayoambiwa "ina Windows 11 tayari" imelazimishwa. Mtu ameruka ukaguzi wakati wa kuinstolu. Itawaka, utaiona nzuri, lakini matoleo makubwa ya kila mwaka hayatakuja yenyewe, na Microsoft hawajaahidi kuendelea kuipa hata masahihisho ya usalama. Nitalirudia hili hapo chini, maana ndilo linalonisumbua zaidi.

Tuje kwenye laki nne zako. Una monita nzima, una kibodi. Kwa nini ulipie kioo kingine, kibodi kingine, na betri iliyochoka? Najua laptopu inavutia kwa kuwa umeme ukikatika inaendelea kuwaka. Lakini printa yako haina betri, na steshenari isiyoprinti imefungwa. Nunua sipiyu peke yake, yaani lile boksi la kompyuta bila monita. Tafuta mashine zilizotoka maofisini, za mwaka 2018: Dell OptiPlex 3060, HP ProDesk 600 G4, Lenovo ThinkCentre M720. Hizi zilitengenezwa kwa ajili ya kuwashwa asubuhi na kuzimwa jioni miaka na miaka. Hela ikibana, shuka daraja, usishuke kizazi: chukua i3 ya kizazi cha nane uiache i7 ya kizazi cha nne kwa mwenye nayo.

Na hiyo diski ya 1TB isikutie tamaa. Diski ya kuzunguka ndiyo inayofanya kompyuta ikawie kuwaka huku mteja anatazama saa. Omba SSD, diski isiyozunguka, ya 256GB badala yake. Barua, CV na fomu za wateja wako haziijazi leo wala mwakani. RAM 8 inakutosha. Ila uliza kama ni kipande kimoja cha 8 au viwili vya 4, kwa sababu kipande kimoja kinakuachia nafasi ya kuongeza siku utakapopata hela.

Kabla ya kulipa, tazama mgongo wa hiyo sipiyu. Monita yako ikiwa ya zamani itakuwa na waya wa VGA, ule wenye plagi ya buluu, na nyingi ya mashine hizi hutoa DisplayPort au HDMI. Adapta ipo, lakini iwe ndani ya bei mnayokubaliana, isije ikawa safari nyingine ya daladala. Jua pia kwamba pawa saplai ya hizi Dell na HP ndogo haifanani na ile ya kawaida. Ikiungua hupati mbadala duka lolote, unatafuta ya aina ile ile. Ndiyo maana nakusihi sehemu ya hizo laki nne iende kwenye UPS, lile boksi la betri linaloikinga mashine umeme ukikatika. Ukiirudisha mashine mpya kwenye ekstensheni ile ile iliyoiua ya kwanza, tutaandikiana tena.

Sasa kipimo ninachotaka ukifanye dukani, mbele ya muuzaji, na akikukatalia ondoka. Mwambie aizime mashine kabisa, kisha aiwashe huku unabonyeza kitufe kimoja mfululizo: F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa Lenovo. Utaingia kwenye BIOS, ukurasa wa mashine yenyewe ambao Windows haijaugusa. Hapo utaona jina kamili la prosesa na kiasi cha RAM. Usitegemee stika ya mbele. Stika za i7 zinauzwa kwa karatasi nzima kama stika za daftari. Usitegemee sana hata ukurasa wa maelezo ndani ya Windows, kwa sababu lile jina la prosesa ni maandishi ambayo mtu anaweza kuyahariri. Na ukiombwa nenosiri la BIOS ambalo muuzaji halijui, mashine hiyo ina mwenyewe au ilikuwa na mwenyewe ambaye hakuifungua. Humo humo kwenye sehemu ya usalama angalia neno Computrace au Absolute. Likiwa limewashwa, kampuni iliyoimiliki bado inaweza kuifuatilia na kuifunga ikiwa mbali, na kubadilisha diski hakuondoi kitu, kwa sababu kinakaa kwenye ubao mama.

Dakika tano tu hizo. Sijui kwa nini mtu atumie nusu saa kupatana bei ya elfu ishirini na asitumie dakika tano kuingia BIOS.

Nirudi kwenye Windows ya kulazimisha, na hapa nasema na kila mwenye steshenari, sekretari wa shule, na wakala anayeshika nakala za vitambulisho vya watu. Hao wanaojiita mafundi wanaozunguka na flashi moja yenye "Windows zote" hawalazimishi tu toleo. Wanaiwasha kwa kreki, yaani programu ya kukwepa leseni, na kreki nyingi haziingii mpaka antivirusi izimwe. Wakishamaliza hawaiwashi tena. Mteja anaondoka amefurahi, mlango wa nyuma uko wazi. Virusi vya kufunga mafaili vya ukoo wa STOP, ambao pia huitwa Djvu, vimesambaa kwa miaka mingi hasa kupitia kreki na programu za bure za namna hiyo. Mwalimu mmoja alivuka na kivuko kutoka Ukerewe kuniletea kompyuta ya shule. Kila faili lilikuwa limeongezewa herufi nne za ajabu mwishoni, na kila folda ilikuwa na barua ya kudai dola. Alama za wanafunzi za miaka mitatu zilikuwa humo, nakala nyingine hakuna. Nilimrudisha bila kitu. Aliniuliza mara mbili kama kweli hakuna njia, na mara zote mbili nilimjibu hapana.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba mara nyingi kreki hiyo haikuhitajika kabisa. Mashine za ofisini za 2018 kwa kawaida zilitoka kiwandani na leseni ya Windows 10 Pro, na leseni hiyo imehifadhiwa ndani ya ubao mama. Ukiinstolu Windows 11 Pro safi kutoka kwa Microsoft wenyewe, ukaunganisha intaneti, inajiwasha bila kuomba kitu. Fundi amekuja juu ya leseni halali iliyolipiwa, akaweka ya wizi, akakutoza elfu kumi na tano. Kagua hivi: fungua Settings, ingia System, kisha Activation. Ukisoma "digital license" ni dalili nzuri, ingawa peke yake si uthibitisho kamili. Ukisoma kwamba imewashwa kwa "organization's activation service" wakati wewe huna shirika lolote, hiyo ni kreki; mwambie muuzaji aifute mbele yako na aweke safi. Kama hajui namna, hajui kazi anayokutoza.

Wewe, mama, unaingiza flashi za watu ishirini kwa siku. Unashika vyeti vyao, namba zao za NIDA, nywila zao za maombi ya mkopo. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022, lakini hata isingekuwepo, kijana aliyekupa cheti chake cha kidato cha sita amekuamini.

Kwa hiyo ile elfu thelathini ya fundi wako usiipokee kwanza. Ubao mama ukiungua, diski mara nyingi inabaki nzima, na kwenye hiyo diski kuna kila ulichowahi kuwachapia watu wa Nyegezi. Nenda leo ukaitoe. Kama hujui ilipo, mwambie akufungulie ukiwa umesimama hapo. Ni kiboksi cha bati cha ukubwa wa kiganja, kimeshikwa na waya mbili. Akishakupa, mabaki mengine mwachie kwa hiyo elfu thelathini, uongezee kwenye UPS.