Kisanduku cha ndege wa buluu kimeingiwa na shomoro

SWALI: Mwalimu, habari za siku nyingi. Binti yangu anaishi Ohio, Marekani. Kila mwaka ukifika mwezi wa tano ananitumia video za ndege wa buluu wenye kifua cha rangi ya kutu, wakilisha makinda ndani ya kisanduku cha mbao nyuma ya nyumba yake. Nilimwomba vipimo, fundi wa hapa Kiamunyi akanitengenezea kimoja, nikakitundika kwenye mgrevilea. Mwaka umeisha na sijaona hata unyoya wa buluu. Walioingia ni shomoro. Niwafukuze? Nimekosea wapi?
Mama wa Kiamunyi, Nakuru

JIBU: Mama, fundi wako hana kosa. Ndege wa binti yako wako wa aina tatu tu, na wote ni wa Amerika Kaskazini. Hata ungewajengea jumba, huku hawafiki.

Na kile kisanduku kina historia yake. Ndege hao hutaga ndani ya tundu la mti, lakini mdomo wao hauwezi kulichonga. Wanategemea mashimo yaliyoachwa na vigogota kwenye miti mikavu. Watu wakaikata ile miti. Kisha wakaja shomoro walioletwa kutoka Ulaya, na kwezi wa Ulaya walioachiliwa New York mwaka 1890, wakayanyakua mashimo yaliyobaki. Ndipo wenyeji wakaanza kutundika visanduku, vyenye tundu la kama milimita 38, ambalo ndege wa buluu anapita na kwezi hapiti. Shomoro anapita, kwa hiyo binti yako akiwafukuza ana sababu.

Wewe waangalie kwanza. Kama kichwa chote ni cha kijivu na kooni hakuna weusi, huyo ni shomoro wetu, mwenyeji kuliko mimi na wewe. Mwache alee watoto wake.

Sasa tuje kwa buluu yetu. Yupo ndege mdogo, mdogo kuliko shomoro, wa jamii ya mishigi, wale ndege wadogo wala mbegu. Kifua na mkia ni buluu ya anga baada ya mvua, mgongo ni wa rangi ya udongo, na dume ana doa jekundu kila shavu, kana kwamba mtu amemgusa kwa kidole chenye rangi. Jike hana doa. Umewahi kumwona, nina hakika, ila ulipita haraka. Huyu hahitaji kisanduku kabisa. Anafuma mwenyewe kiota cha nyasi, cha mviringo, chenye mlango ubavuni, ndani ya kichaka cha miiba, na mara nyingi karibu na kiota cha nyigu, maana adui wengi hawapendi kusogea hapo. Chakula chake ni mbegu ndogo za nyasi na mchwa.

Kwa hiyo, Mama, kinachomleta ni nyasi. Nilijifunza hivyo bila kukusudia. Hapa kwangu Lanet nilikuwa nafyekesha kiwanja kila wiki mbili, kikibaki kama kichwa kilichonyolewa. Mwaka mmoja kijana anayenifyekea alirudi kwao mvua za masika zikiwa zimekolea, na nyasi za kando ya ua zikafika magotini na kutoa masuke. Asubuhi moja ya mwezi wa sita, nikiwa na chai yangu mlangoni, walishuka sita. Mmoja alidandia shina moja la nyasi. Shina likainama naye taratibu mpaka chini, naye akatua akiwa bado amelishika, akaanza kuvuta mbegu moja moja. Baadaye nikaona dume ameshika jani refu la nyasi mdomoni, anarukaruka juu ya tawi mbele ya jike huku akiimba. Chai ilipoa. Tangu siku hiyo ile kona haiguswi mpaka mbegu zimwagike.

Na wewe acha kona, hata hatua tatu kwa tatu. Kama ua wako ni wa kayaba, usiupunguze wakati wana makinda. Ile miiba ndiyo kuta zao. Dawa ya kuua wadudu achana nayo, kwa sababu ukimaliza mchwa umemaliza nyama ya makinda. Nyigu wakijenga mbali na mlango na watoto, wavumilie.

Halafu maji. Chukua kifuniko cha chungu au sinia kuukuu, kina kisizidi pingili moja ya kidole, weka jiwe katikati la kutua. Kiweke peupe, hatua mbili tatu kutoka kwenye ua wa miti, ili paka asipate pa kujibanza. Badilisha maji kila siku, usije ukafuga mbu. Wimbi kiganja kimoja chini asubuhi si vibaya, lakini maji yanaita kuliko wimbi, hasa mwezi wa kwanza na wa pili.

Ukitaka buluu kubwa zaidi, subiri usiku wa kumbikumbi. Alfajiri yake kwezi wetu, wale wa tumbo la rangi ya chungwa na mkanda mweupe kifuani, watajaa chini ya taa ya nje kuokota waliobaki. Ukiokota unyoya wa kwezi, uelekeze kwenye jua na uutazame kwa nyuma: buluu inatoweka, unabaki mweusi mweusi. Hakuna rangi ya buluu ndani yake; ni umbo la unyoya linavyorudisha mwanga. Nimewaonyesha wajukuu mara nyingi na bado nastaajabu nao.

Kaa mahali pamoja kila asubuhi, usihamehame. Watakuzoea. Kisha umtumie binti yako video, naye aone vya kwao.

SWALI: Ndege mdogo mweusi mwenye kifua chekundu anapigana na kioo cha gari langu kila asubuhi. Ni mgonjwa?
Msomaji, Kisumu

JIBU: Mzima kabisa. Ni chozi dume, anaona dume mwenzake kwenye kioo na anamfukuza asimwingilie mahali pake. Anajichosha bure. Vika vioo vya pembeni soksi kuukuu kila unapoegesha, mpaka msimu wa kutaga upite.