Puleki, Jezi na Sauti ya Juu: Majibu kwa Wasomaji Kuhusu Mavazi ya Zama za Disko

Niliandika hapa kuhusu Sylvester, mwimbaji wa San Francisco, Marekani, wa disko, muziki wa kucheza wa miaka ya 1970, aliyepanda jukwaani akiwa amevaa gauni, wigi na vito, na barua zilizokuja zimeuliza zaidi habari za nguo kuliko za nyimbo. Nimelipokea hilo kwa furaha, maana kwa msanii yule nguo na sauti zilikuwa kazi moja.

Msomaji wa Tanga anauliza: Wanaume waliovaa kike katika maonyesho yale walikuwa wachekeshaji tu?

Wapo waliochekesha, na kuchekesha kuna heshima yake, lakini sanaa hiyo ya mwanamume kujipamba kike jukwaani, ambayo Wamarekani huiita dragi, ilikuwa na mambo mengi zaidi ya kicheko. Chukua kundi la Cockettes, lililoanza kuonyesha mwishoni mwa 1969 katika ukumbi wa Palace, mtaa wa North Beach, San Francisco. Lilikuwa na wanaume na wanawake pamoja, na baadhi ya wanaume hawakunyoa ndevu, bali walizipaka unga wa kumetameta, wakavaa magauni ya kizamani waliyoyaokota au kuyanunua kwa bei ya kutupa kwenye maduka ya mitumba. Kumbuka pia kwamba sheria ya jiji hilo ya mwaka 1863, iliyomkataza mtu kuonekana hadharani katika mavazi ya jinsia nyingine, ilifutwa mwaka 1974 tu. Mtu aliyetoka nyumbani kwake amevaa hivyo kabla ya hapo alijua anachokihatarisha.

Msomaji wa Nakuru anauliza: Sylvester alikuwa akimwiga mwanamke gani?

Mwanzoni aliwaenzi waimbaji wa kale, hasa Josephine Baker, Mmarekani mweusi aliyepata umaarufu mkubwa Paris katika miaka ya 1920. Lakini jibu kamili linaanzia kanisani. Sylvester alizaliwa Los Angeles mwaka 1947, akakulia katika kanisa la Kipentekoste, na humo ndimo alimojifunza kuimba kwa sauti ile ya juu ambayo wengi waliosikia sahani zake za santuri bila kumwona walidhani ni ya mwanamke. Alihamia San Francisco mwaka 1970 na kujiunga na Cockettes. Kundi lilipokwenda New York mwishoni mwa 1971 lilianguka vibaya mbele ya watazamaji, ila sehemu yake yeye ilisifiwa.

Alipofikia disko hakuwa akimwiga mtu tena. Alikataa kuitwa msanii wa dragi, kwa maelezo kwamba yeye ni Sylvester, basi. Leo angevaa gauni, kesho suruali ya ngozi, na sauti ikabaki ile ile. Pembeni yake walisimama Martha Wash na Izora Rhodes, wanawake wanene wenye sauti za kwaya, waliojiita Two Tons O' Fun. Wimbo wake mkubwa wa 1978 ulianza ukiwa wa mwendo wa wastani, ndipo Patrick Cowley, fundi wa sintesaiza, yaani kinanda cha umeme, akauongezea mapigo ya umeme. Mimi husikia kanisa ndani yake kila ninapousikiliza. Tarehe 11 Machi 1979 aliujaza ukumbi wa opera wa San Francisco, na usiku huo huo akakabidhiwa ufunguo wa jiji kwa heshima.

Fundi cherehani wa Morogoro anauliza: Nguo zile zilimetaje vile, na je, naweza kuzishona?

Unaweza. Puleki ni kisahani chembamba chenye tundu, na kwenye gauni la jukwaani hushonwa zikilaliana kama magamba ya samaki. Chini ya tufe la vioo linalozunguka darini, kila kisahani huurusha mwanga upande wake, hivyo mvaaji akitikisa bega tu, gauni zima linawaka.

Lakini si kila nguo ya disko ilikuwa ya puleki. Halston, mbunifu wa Kimarekani, alipendelea jezi, kitambaa laini kinachovutika, inayomwagika mwilini bila mishono mingi, na Stephen Burrows, mbunifu mweusi aliyekuwa mmoja wa Wamarekani watano walioonyesha mavazi Versailles, Ufaransa, tarehe 28 Novemba 1973, alijulikana kwa pindo la saladi. Ili ulijaribu, chukua jezi nyepesi, weka mshono wa zigizaga uliobana, kisha kivute kitambaa kwa mikono miwili, mbele na nyuma ya sindano, huku cherehani ikienda. Uzi hukishika kikiwa kimevutika, na ukikiachia hakiwezi kurudi kilipokuwa, kwa hiyo ukingo hujikunja mawimbi mawimbi kama jani la saladi. Kitambaa kisichovutika hakikubali. Wenzangu wa rika la suruali za bugaluu na viatu vya raizoni wataelewa kwa nini pindo linalocheza lenyewe lilitupendeza.

Msomaji wa Mombasa anauliza: Je, yote hayo yalianzia Studio 54?

Hapana. Klabu hiyo ya New York ilifunguliwa Aprili 1977, na wakati huo Crystal LaBeija alikwisha kuanzisha nyumba yake, yaani kundi lake, ya washindani wa dragi huko Harlem, mwaka 1972, baada ya kuchoshwa na mashindano yaliyowapunja weusi.

Msomaji wa Bujumbura anauliza: Yaliishaje?

Tarehe 12 Julai 1979, sahani za disko zililipuliwa kwa chuki ya muziki huo katika uwanja wa besiboli wa Comiskey Park, Chicago, mbele ya umati ulioshangilia, na jambo hilo linaniuma hadi leo. Hata hivyo watu hawakuacha kucheza. Kilichowaondoa wengi ni UKIMWI: Cowley alifariki Novemba 1982, Sylvester tarehe 16 Desemba 1988, akiwa na miaka 41. Juni ya mwaka huo alishiriki maandamano ya San Francisco akisukumwa kwenye kiti cha magurudumu. Mrabaha wake aliwaachia wanaohudumia wagonjwa. Mazishi aliyapanga mwenyewe: yafanyike kanisani, kwaya iimbe, jeneza liwe wazi, naye avishwe kimono chekundu.