Mercedes 230E inayomisi sailensa: tafuta upepo kabla hujagusa mafuta

Baba alipofariki aliniachia Mercedes-Benz 230E ya 1983, lile umbo la W123 ambalo watu wa umri wangu tumekua tukiliona likibeba wazee wa heshima. Gari lilikuwa linawaka bila taabu, ila likikaa sailensa, yaani injini inawaka bila kukanyagwa resi, linatetemeka mpaka kioo cha dereva kinacheza. Linamisi (silinda inaruka bila kuchoma), linatulia, linamisi tena. Karibu mwaka mzima nililizungusha kwa mafundi. Likabadilishwa plagi mara mbili, waya za plagi, kofia ya distributa na pampu ya mafuta. Mtetemo ukabaki palepale. Fundi wa mwisho, Dar es Salaam, akanishauri ning'oe injekshen yote, yaani mfumo wa kunyunyizia mafuta, nifunge kabureta, nipumzike.

Ushauri huo umeua magari mengi mazuri. Nawaomba wenzangu wenye magari ya aina hii: kabla hujakubali, pitia kwanza haya niliyojifunza.

Mfumo wa gari hili ni K-Jetronic wa Bosch. Ulianza kufungwa kwenye magari mwaka 1973, na ndio uliomo kwenye Golf GTI za kwanza, Volvo 240 nyingi na Porsche 911 za miaka ile. K ni herufi ya kwanza ya neno la Kijerumani lenye maana ya mfululizo, kwa sababu nozeli zake haziendeshwi kwa umeme kama za magari ya leo. Injini ikishawaka, zinanyunyiza muda wote bila kukatika. Kwenye gari langu hakuna kompyuta inayopima chochote. Hewa inayovutwa na injini inasukuma sahani ya duara iliyo chini ya ea klina, sahani inasogeza mkono, mkono unainua pini ndani ya kigawa mafuta, na kila silinda inapata mafuta kulingana na hewa iliyopita.

Ukishaelewa hilo, umeshaelewa nusu ya ugonjwa. Hewa yoyote inayoingia bila kupita kwenye sahani haijahesabiwa. Imeingia kwa mlango wa nyuma, na mafuta yake hayakutolewa. Mchanganyiko unakuwa mwepesi, silinda moja au mbili zinashindwa kuchoma sawasawa, nawe unasikia misi.

Dalili nilikuwa nayo tangu mwanzo, sikuisoma tu. Nilipopeleka gari Lushoto, mlima wote kutoka Mombo lilipanda vizuri kabisa, halina hata dalili ya kuchoka. Nilipolisimamisha sokoni likaanza kutetemeka. Niliporudi Tanga nikamsimulia hivyo mzee mmoja fundi pale Ngamiani. Akaniuliza, “Mwanangu, likibeba mzigo linatulia?” Nikamjibu ndiyo. Akasema, “Basi usinunue kitu tena. Hilo linavuta upepo.”

Sababu yake ni hii. Sailensa, kipepeo cha resi, yaani mlango wa hewa ya injini, kimefungwa, injini inanyonya kwa nguvu dhidi ya mlango uliofungwa, na hewa inayohitaji ni kidogo. Ufa mdogo tu unaingiza sehemu kubwa ya hewa yote. Ukikanyaga resi mlimani, mlango uko wazi, mnyonyo unapungua na hewa halali ni nyingi, kwa hiyo ule upepo wa ufa hauonekani tena. Tatizo la moto (umeme wa plagi) au la mafuta kidogo kwa kawaida linafanya kinyume: linajificha sailensa na kujitokeza gari likielemewa. Kwa hiyo kabla ya kufungua boneti, andika mahali gari linapomisi: baridi au moto, limesimama au linapanda. Karatasi hiyo ina thamani kuliko seti ya plagi.

Kipimo cha kwanza alichonifanyia hakikuhitaji hata spana. Injini ikiwa sailensa alifungua mfuniko wa oili. Kwenye mfumo huu ukifungua mfuniko umeongeza tundu la hewa, na injini iliyoziba vizuri lazima iyumbe au izime. Yangu haikubadilika hata kidogo. Maana yake kulikuwa na tundu jingine tayari, kubwa kiasi kwamba la oili halikuongeza kitu.

Tukaanza kusaka. Mipira midogo ya vakyumu ilikuwa mikavu lakini mizima. Tukachomoa nozeli moja moja. Kila nozeli inakaa ndani ya raba, na raba zangu zilikuwa zimekuwa ngumu kama plastiki, zinavunjika ukizibinya. Hizo ni za bei ndogo. Kama gari lako halijawahi kubadilishwa raba hizo, badilisha zote nne bila kujiuliza. Mtetemo ulipungua, haukuisha.

Tundu lenyewe lilikuwa mahali ambapo hakuna fundi aliyetaka kufika. Chini ya kipimo cha hewa, kile chenye sahani, kuna mpira mnene unaokiunganisha na kipepeo cha resi. Ukiangalia kwa juu huuoni. Ili kuufikia unafungua ea klina, unalegeza mabomba ya mafuta na kunyanyua kipimo kizima, kazi ya nusu siku. Tulipoutoa na kuukunja juani, ukafunguka mdomo wa ufa urefu wa kidole, kwenye mkunjo wa chini. Ukiuacha umekaa kawaida, huwezi kuujua. Usikubali mpira huu uzibwe kwa gundi au kufungwa kwa raba ya tyubu. Unalowa mvuke wa petroli na oili kila siku, gundi itaachia ndani ya wiki. Nunua mpya.

Hapa ndipo wengi wanakata tamaa, kwa hiyo nisikilizeni vizuri. Tulipofunga mpira mpya, gari lilikuwa baya zaidi! Likatoa moshi mweusi na harufu kali ya petroli. Kumbe fundi mmojawapo huko nyuma alikuwa amekaza skrubu ya mchanganyiko ili mafuta yaongezeke na kuufunika ule upepo. Skrubu hiyo iko ndani ya tundu jembamba kati ya kigawa mafuta na sahani, inazungushwa kwa ufunguo wa aleni wa milimita 3, na robo ya robo ya mzunguko inatosha kubadilisha kila kitu. Haizungushwi kwa kusikiliza. Inazungushwa mwisho kabisa, baada ya upepo, moto na presha kuwa sawa, na kipimo cha moshi kikiwa kwenye ekzosi. Fundi akiianza hiyo siku ya kwanza, mshukuru na uondoke na gari lako.

Kama kipimo cha mfuniko kinaonyesha hakuna upepo, angalia moto. Usiku, zima taa, nyunyizia ukungu wa maji kidogo kwenye waya za plagi injini ikiwaka, bila kugusa kitu; ukiona cheche zinaruka, umepata. Soma plagi pia. Zote nyeusi ni mafuta mengi, zote nyeupe ni mafuta kidogo, moja tofauti na wenzake inakuonyesha silinda yenye shida.

Kisha presha, na hii haikisiwi. Tafuta fundi mwenye geji ya K-Jetronic, yenye valvu katikati. Valvu ikifungwa unasoma presha ya mfumo, karibu na baa 5. Ikifunguliwa unasoma presha ya kudhibiti, ambayo injini ikiwa baridi ni ndogo, halafu inapanda taratibu kwa dakika chache regyuleta, kifaa kinachoidhibiti, inapopata joto kwa umeme. Isipopanda, mchanganyiko unabaki mzito na gari linakula petroli hata likiwa moto. Kagua plagi ya umeme ya regyuleta kwanza, mara nyingi imechomoka au imepata kutu. Laiti ningepima hivi mapema, ile pampu niliyoitupa ingekuwa bado inafanya kazi chini ya gari.

Nozeli nazipima kwa chupa nne za soda, za kioo, zinazolingana. Fanya nje, mbali na jiko na sigara, na mtu ashike kizima moto. Chomoa nozeli zote zikiwa na mabomba yake, kila moja ndani ya chupa, washa pampu bila kuwasha injini, na umwombe mwenzako asogeze sahani ya hewa taratibu. Unatakiwa kuona ukungu wenye umbo la pia, si mshipa wa maji, na sahani ikirudi, tone lisidondoke. Baada ya muda linganisha chupa. Ikiwa moja iko nyuma, badilishana nozeli yake na ya jirani, urudie. Upungufu ukihama na nozeli, nozeli ndiyo mbovu. Ukibaki kwenye bomba lilelile, tatizo ni kigawa mafuta au bomba. Mara nyingi ni kutu ya tangi iliyopenya filta, hivyo badilisha filta na usafishe tangi kabla hujafunga kitu kipya.

Langu sasa limekaa sailensa, kioo hakichezi. Kimebaki kitu kimoja: nikilizima mchana wa jua na kurudi baada ya nusu saa, linasumbua kuwaka, ingawa asubuhi linawaka mara moja. Presha inavuja gari likizimwa, na mafuta yanageuka mvuke kwenye mabomba ya moto. Mzee wa Ngamiani anashuku akumuleta, ile kopo ndogo iliyo karibu na pampu inayoshikilia presha. Safari hii tutafunga geji kwanza, tuzime injini, tuitazame sindano kwa dakika 20, ndipo nitatoa pesa.